Kulinganisha Shule za Chekechea za Umma: Mtoto, Kipimo na Lugha

Kila mahali penye shule mbili za chekechea zinazoendeshwa kwa fedha za umma, huzuka swali ni ipi kati yake inayofundisha vizuri zaidi. Swali hilo ni la haki kabisa. Mzazi anataka kujua ampeleke wapi mwanawe, mlipa kodi anataka kujua fedha zake zimefanya kazi gani, na mwalimu wa chekechea anajua kwamba kazi yake yaweza kutegemea jibu litakalotolewa. Walakini njia inayotumiwa na wengi katika kulijibu, yaani kuchukua alama za watoto wa shule hii na kuzipanga kando ya alama za watoto wa shule ile, ina kasoro mbili kubwa. Ya kwanza wanaijua wataalamu wa takwimu: haijulikani watoto hao walikuwa na nini kabla ya kuingia shuleni. Ya pili inawahusu wanaisimu, nao hawajaizungumza vya kutosha: haijulikani kama kipimo kimepima maarifa ya mtoto au kimepima ujuzi wake wa lugha ya kipimo chenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi kasoro ya kwanza ilivyoshughulikiwa katika miji miwili ya Marekani, Tulsa na Boston, kisha yanaonyesha kwa nini hapa Kenya haiwezekani kuishughulikia ya kwanza na kuiacha ya pili.

Tulsa na tarehe ya 1 Septemba

Yafaa kwanza ieleweke wilaya ya shule ni kitu gani kwa Wamarekani. Si wilaya ya utawala kama ile iliyokuwa chini ya Mkuu wa Wilaya nchini Kenya. Ni eneo lenye bodi yake ya elimu, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wakazi, na ambalo sehemu ya fedha zake hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za wakazi hao hao. Bodi huajiri walimu na kuamua mambo mengi ambayo kwingineko huamuliwa katika makao makuu ya serikali. Kwa sababu hiyo kulinganisha shule ndani ya wilaya moja kuna manufaa yake: sheria ni moja, mwajiri ni mmoja, na bajeti hutoka katika mfuko mmoja. Kinachobaki kutofautiana ni watoto wenyewe na yale wanayotendewa darasani.

Jimbo la Oklahoma lilipitisha sheria mwaka 1998 iliyofungua elimu ya awali ya bure kwa kila mtoto wa miaka minne, awe wa tajiri au wa maskini, katika kila wilaya ya shule iliyokubali kuitoa. Masharti yake hayakuwa mepesi. Mwalimu alitakiwa awe na shahada ya kwanza na cheti cha ualimu wa watoto wadogo, na alilipwa kwa ngazi ile ile ya walimu wengine wa shule za umma. Darasa halikuruhusiwa kupita watoto 20, na kila watoto 10 walitakiwa wawe na mtu mzima mmoja. Tulsa, mji mkubwa wa pili katika jimbo hilo, ulikuwa na watoto Weupe, Weusi, wenyeji wa asili wa Amerika, na watoto wa familia zilizohamia kutoka Mexico na kwingineko katika Amerika ya Kilatini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, wakiongozwa na William Gormley, waliuchagua mji huo ili wajue kama sheria ile ilikuwa imezaa matunda.

Njia ya kawaida ingekuwa kuwachukua watoto waliosoma chekechea na kuwalinganisha na wale ambao hawakusoma. Lakini mzazi anayemwandikisha mtoto wa miaka minne kwa hiari yake si sawa na mzazi asiyemwandikisha. Huenda yule wa kwanza humsimulia mwanawe hadithi usiku, huenda ana kazi ya kudumu, huenda ana gari. Tofauti ya alama ikionekana, hakuna ajuaye ni ya shule au ni ya nyumbani. Watafiti wale waliutumia utaratibu ambao tayari ulikuwamo katika sheria. Mtoto aliyetimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba aliruhusiwa kuingia mwaka ule; aliyezaliwa siku chache baadaye alingoja mwaka mzima. Basi mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa 2003 walipimwa watoto wa makundi mawili kwa wakati mmoja: wale waliokuwa wamemaliza mwaka wa chekechea na wale waliokuwa ndio kwanza wanauanza. Wazazi wa makundi yote mawili walikuwa wamechagua kitu kile kile. Kati ya mtoto wa mwisho wa Agosti na mtoto wa mwanzo wa Septemba hapakuwa na tofauti ya maana isipokuwa ile ya mwaka mmoja wa mafunzo. Uzuri wa njia hii ni kwamba haikumnyima mtoto yeyote nafasi kwa ajili ya utafiti.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha faida ya mikengeuko sanifu 0.79 katika kutambua herufi na maneno, 0.64 katika tahajia, na 0.38 katika maswali ya hesabu. Kwa lugha nyepesi, mtoto ambaye angesimama katikati kabisa ya wenzake 100 alisogea hadi kuwapita takriban 78 katika herufi, 74 katika tahajia na 65 hivi katika hesabu. Msomaji ataona kwamba faida kubwa zaidi ilikuwa katika kile kinachofundishika kwa urahisi zaidi. Herufi zina mwisho wake, mtoto huzimaliza. Kufikiri kwa hesabu hakuna mwisho, na mwaka mmoja haukitikisi sana kipimo chake.

Katika wilaya ile ile palikuwa pia na vituo vya Head Start, mpango wa serikali kuu ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1965 kwa watoto wa familia maskini. Watafiti hao walipoviweka vituo hivyo kando ya madarasa ya shule za umma waliona kwamba watoto wa Head Start nao walipata faida, lakini katika kusoma na kuandika faida yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao wa shule za umma. Msomaji wa haraka angefunga kitabu hapo na kutoa hukumu. Ingekuwa hukumu ya kuonea. Head Start ilipewa tangu mwanzo kazi ya kuangalia afya ya mtoto, meno yake, chanjo zake, chakula chake na hali ya wazazi wake. Mtihani wa herufi hauoni jino lililozibwa. Shule mbili zilizotumwa kazi mbili haziwezi kupimwa kwa kazi ya mmoja wao tu, na jambo hili husahauliwa kila mara mtu anapochapa orodha ya shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Jambo la Tulsa linalowahusu zaidi wasomi wa lugha ni habari za watoto waliokuwa wakizungumza Kihispania nyumbani. Hao walipimwa kwa Kiingereza na pia kwa Kihispania. Ilionekana kwamba walinufaika sana na mwaka wa chekechea, hasa wale ambao wazazi wao walizungumza Kihispania nyumbani. Lakini faida hiyo ilionekana zaidi katika vipimo vya Kiingereza kuliko katika vile vya Kihispania. Lau wangepimwa kwa lugha moja tu, ripoti ingekuwa nusu ya kweli, na hakuna ambaye angejua kwamba ni nusu.

Boston na bahati nasibu

Mji wa Boston ulitoa njia nyingine. Nafasi za chekechea za umma hazikuwatosha watoto wote walioziomba, kwa hiyo wilaya ilitumia bahati nasibu kuamua nani aingie miongoni mwa waombaji wenye haki sawa. Aliyeingia na aliyekosa walitenganishwa na kura, wala si na bidii ya mzazi. Guthrie Gray-Lobe, Parag Pathak na Christopher Walters waliwafuatilia watoto zaidi ya 4,000 walioomba nafasi kati ya mwaka 1997 na 2003 hadi wakawa watu wazima.

Walichokikuta, na kukitangaza mwaka 2021, kinapaswa kumtia wasiwasi kila mpenda orodha za alama. Katika mitihani ya jimbo, watoto walioingia chekechea kwa kura hawakuonekana kuwapita wale waliokosa. Lau utafiti ungeishia hapo, chekechea za Boston zingeandikwa kuwa fedha iliyotupwa. Lakini walioingia walimaliza shule ya sekondari kwa wingi zaidi, tofauti ikiwa pointi 6 katika mia, na waliojiunga na chuo mara tu baada ya sekondari waliwazidi wenzao kwa pointi 8 katika mia. Adhabu za shuleni zilipungua pia. Yaelekea chekechea iliwapa watoto wale kitu ambacho mtihani haukukiuliza: kukaa, kusikiliza, kuvumilia kushindwa, kuipenda shule kama mahali pao. Ni vigumu kukiandikia kitu hicho swali la kuchagua jibu moja kati ya manne.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila chekechea ya umma hufaulu ikisubiriwa muda wa kutosha. Katika jimbo la Tennessee watoto 2,990 walifuatiliwa kwa njia iliyo karibu na ya Boston, na ripoti ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba waliopata nafasi ya chekechea walikuwa nyuma ya wenzao katika darasa la sita, kwa alama na kwa mwenendo. Jina ni moja, chekechea ya umma, lakini kinachotendeka ndani ya chumba ni vitu vingi.

Kaunti za Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hali hiyo kaunti imekuwa, kwa watoto wadogo, kitu kinachokaribiana na wilaya ya shule ya Kimarekani: ina bajeti yake, huajiri walimu wake na kujenga madarasa yake. Tofauti iliyopo ni ya ajabu kidogo. Darasa la chekechea mara nyingi liko ndani ya ua wa shule ya msingi, lakini mwalimu wake ni wa kaunti, ilhali mwalimu wa chumba cha pili ni wa Tume ya Huduma ya Walimu. Kaunti ikifundisha vyema, matunda yake huvunwa na serikali nyingine. Si ajabu basi kwamba kumbukumbu za mtoto zinakatika mlangoni, pale anapotoka chumba kimoja kuingia kingine.

Kasoro ya kwanza, ile ya kutojua nani aliingia, ina historia yake nchini. Elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka 2003, chekechea haikuingizwa. Wazazi waliendelea kumlipa mwalimu wa nasari kutoka mifukoni mwao, na katika sehemu kadhaa wazazi maskini waliona heri wamweke mtoto nyumbani hadi umri wa darasa la kwanza, ambako hakukuwa na ada. Kwa hiyo anayechukua alama za miaka ile na kutangaza kwamba waliopitia nasari walifanya vizuri, huenda amepima kwa kiasi fulani uwezo wa wazazi kulipa. Njia ya Tulsa haiwezi kuhamishwa hapa kama ilivyo, maana tarehe ya kuzaliwa haishikiliwi kwa ukali ule; mtoto wa miaka mitatu humfuata dada yake darasani na hakuna anayemfukuza. Kura ya Boston ingewezekana zaidi, pale ambapo kaunti imejenga darasa jipya na walioandikishwa wameshinda idadi ya nafasi.

Uko mfano wa hapa hapa wa kulinganisha kwa uangalifu. Mpango wa shule za awali za Madrasa ulianzia Mombasa katika miaka ya 1980, kwa ombi la viongozi wa jamii ya Waislamu na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mwongozi wake wa kwanza. Baadaye ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Shule zake ni za jamii wala si za serikali, lakini funzo la kipimo ni lile lile. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwapima watoto zaidi ya 400 wa nchi tatu mwanzoni, kisha wakawapima tena baadaye: wa Madrasa, wa shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani. Waliosoma waliwapita waliobaki nyumbani, na wa Madrasa wakawapita wote. Watafiti hawakuanza na alama za mwisho. Walianza na alama za mwanzo, wakapima hatua aliyopiga kila mtoto. Na vipimo vilivyotoka ng'ambo vilirekebishwa kabla ya kutumiwa.

Herufi, hesabu na picha

Marekebisho hayo ndiyo yanayoleta kasoro ya pili. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, mwelekeo rasmi umekuwa kwamba mtoto aanze kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na mtaala wa umilisi ulioenezwa nchini mwaka 2019 haukuuacha mwelekeo huo kwa madarasa mawili ya chekechea. Vitendo ni kitu kingine. Katika kaunti moja yaweza kupatikana chekechea inayofundisha kwa Kigiriama, ya pili kwa Kiswahili, na ya tatu kwa Kiingereza tangu asubuhi ya kwanza kwa kuwa wazazi wamedai hivyo. Afisa akipita na karatasi moja ya maswali, anapima nini?

Zichukuliwe herufi. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili akionyeshwa E husema «e». Jina la Kiingereza la herufi hiyo hutamkwa «ii». Akionyeshwa I husema «i», na sauti hiyo katika sikio la mtahini wa Kiingereza ni jina la E. Akionyeshwa A husema «a», ilhali mtahini anangojea «ei», neno ambalo kwa mtoto linaanza na sauti ya E. Katika irabu tano ni O pekee, na kwa kiasi fulani U, ambazo majina yake mawili yanakaribiana. Mtoto huyu anazijua irabu zote bila kukosea, na ameandikiwa makosa matatu. Mwenzake aliyekariri wimbo wa alfabeti ya Kiingereza amepata zote, na huenda hawezi kuzitumia kusoma hata silabi moja.

Upendeleo waweza pia kwenda upande wa pili, na mtetezi wa Kiswahili hana budi kuukubali. Tahajia ya Kiswahili ni nyofu: herufi au jozi ya herufi huwakilisha sauti moja takriban kila mahali, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Anayejua kusoma «meza» ataisoma «mezani» ingawa hajapata kuiona. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003, uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, ulionyesha tofauti kubwa inayotokana na tahajia: mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Finland, ambao tahajia yao ni nyofu, walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100, na wa Scotland waliosoma Kiingereza 34 tu. Basi chekechea ya Kiswahili ikiishinda ya Kiingereza kwa idadi ya maneno yaliyosomwa, sehemu ya ushindi huo ni ya tahajia, wala si ya mwalimu.

Katika hesabu mambo yamechanganyika. «Kumi na tatu» ni jina linalojieleza. Mtoto husikia kumi, husikia tatu. Jina la Kiingereza la 11 halimwonyeshi kumi wala moja. Lakini Kiswahili chenyewe kikifika «ishirini» na «thelathini», maneno yaliyotoka Kiarabu, mtoto wa bara hapati msaada wowote wa kuiona mbili au tatu ndani yake, na hapo hukwama. Swali la kuhesabu hadi 19 na lile la kuhesabu hadi 30 halina uzito mmoja katika lugha zote mbili, hata kama katika karatasi yamepewa alama sawa.

Vipimo vya msamiati ndivyo vinavyodanganya kuliko vyote. Mtoto huonyeshwa picha nne, mtahini hutamka neno, mtoto hugusa picha. Kipimo cha namna hii kilitumiwa Boston, na kina sifa njema huko. Kikifasiriwa neno kwa neno kinaharibika. Kiingereza hutenga kiganja na mkono mzima kwa maneno mawili ya kila siku. Kiswahili hutosheka na «mkono», kama kinavyotosheka na «mguu» hadi unyayo. Mtoto akigusa picha isiyotarajiwa hajakosea. Kinyume chake, mtoto wa Mpeketoni au Mwea atatenganisha mpunga, mchele na wali kabla ya kufika miaka minne, na kipimo cha Kiingereza kitampa nafasi ya kuonyesha neno moja tu kati ya hayo matatu.

Yote haya yanaweza kuandikwa katika daftari la darasa bila gharama kubwa. Pamoja na jina la mtoto huandikwa tarehe yake ya kuzaliwa, lugha anayozungumza na mlezi wake nyumbani, na yale anayoyajua siku anapopokewa. Anapopimwa huandikwa lugha aliyofundishiwa, lugha aliyopimiwa, na jibu lake kama alivyolitamka, «e» ikiandikwa «e», kabla mtu hajaamua kama ni sahihi au ni kosa. Daftari hilo likivuka pamoja na mtoto hadi chumba cha pili cha ua ule ule, kwa mwalimu wa Tume, kaunti itaweza kwa mara ya kwanza kuwafuata watoto wake hadi darasa la tatu, na kuziweka shule zake mbili kando kwa kando ikijua inalinganisha nini.